Simu Iliyowaulizia Wengine

Nyumba tuliyohamia nilipokuwa na miaka minane ilinuka nta nyekundu ya sakafu, chokaa yenye unyevu na vumbi la machimbo, na kila mvua ilipoanza kunyesha harufu hizo tatu zilipanda kwa pamoja kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali, iliyojengwa na kampuni ya migodi kwa ajili ya makarani wake enzi za ukoloni, yenye kuta nene, dari ya mbao na ushoroba mrefu ambao hata mchana ulikuwa na giza kidogo. Sisi tulitoka kambi ya wafanyakazi, upande wa pili wa mji wa Kolwezi, tulikoishi watu saba katika vyumba viwili, na kwa wiki ya kwanza mimi na wadogo zangu tulilala wote katika chumba kimoja ingawa vilikuwapo vitatu, kwa sababu hatukujua kulala bila kusikia pumzi ya mtu mwingine. Baadaye nilizoea. Nilipewa chumba cha mwisho, chenye dirisha linalotazama mti wa parachichi, na nikaanza kukiita changu kama watoto wanavyofanya, bila kuuliza kilikuwa cha nani kabla yangu.

Lakini nilijua. Mji mzima ulijua. Nyumba ile ilikuwa ya Tata Tshimanga, yaani Mzee Tshimanga, karani wa ghala, mtu mwenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, ambaye babu yake aliletwa huku kwetu Katanga kufanya kazi mgodini. Mkewe alikuwa akiongoza nyimbo katika parokia yetu, na binti yao Kapinga alikaa dawati la mbele yangu katika mwaka wa kwanza wa shule. Kisha ukaja wakati ule ambao watu wa Kasai waliambiwa kwamba hapa si kwao, na wakaanza kwenda stesheni na magodoro vichwani. Niliwaona akina Kapinga wakipita, baba akisukuma baiskeli iliyopakiwa masanduku, mama akiwa na mtoto mgongoni. Kapinga alinipungia mkono, nami nikampungia, nikidhani wanakwenda likizo. Nyumba ikakaa mwaka mzima imefungwa, halafu baba yangu akapandishwa cheo na kampuni ikampa ufunguo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na watu wengi wa mji wetu waliishi kwa methali hiyo miaka ile bila kuitamka. Uani tulikuta kinu kikubwa cha mti mgumu, kizito mno kubebwa kwenye treni. Mama alikitumia, lakini kila mara alikiosha kwanza kwa maji safi, hata kama alikiosha jana yake.

Baba alikuwa msimamizi wa mapampu. Machimbo ya shaba ya kwetu ni mashimo makubwa kuliko vijiji, na mvua za Desemba zikifika, maji hushuka humo kutoka kila upande. Pampu zikisimama saa chache tu, mashine zinazama. Kwa hiyo kampuni ilitaka msimamizi apatikane nyumbani kwa simu, na ndivyo siku moja gari likaja likashusha simu ya rangi ya kijivu, yenye kidude cha kuzungusha namba na mkono wa kusemea na kusikilizia, mzito kama mchi mdogo. Aliyeileta alisema fundi atafuata kuiunganisha. Mama akaiweka juu ya kabati la ushorobani, chini yake kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hapo ikakaa kuanzia Agosti mpaka Novemba bila kuunganishwa na chochote. Fundi hakuja. Kampuni ilikuwa imeanza kudhoofika, mafundi wengi wa simu walikuwa watu wa Kasai na walikwisha kuondoka, na yule mmoja aliyebaki alihudumia mji mzima kwa miguu. Wageni walipofika walitazama simu ile kwa heshima, na baba hakuona haja ya kuwaambia kwamba haisemi.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja alasiri. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya kwetu isiyopiga kelele ila haichoki, na huko machimboni pampu mbili zikasimama. Wakatuma gari kuja kumchukua baba, gari likakwama kwenye matope karibu na soko, dereva akaja kwa miguu amelowa hadi mabegani. Baba alipofika kazini pampu moja ilikuwa imekwisha funikwa na maji. Aliporudi Jumapili mchana hakutaka kula. Alimweleza mama, na sisi tuliokuwa mezani tukasikia, kwamba mkuu wake amemwambia msimamizi asiyeitikia anapoitwa si msimamizi, na kwamba cheo na nyumba vinakwenda pamoja. Nilitazama mlango wa chumba changu, kisha nikatazama sahani yangu.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, jambo la ajabu kwa mtu ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa sauti. Kabla sijazaliwa, na kwa miaka michache baadaye, alikuwa mpokeaji simu kwenye santrali ya kampuni, yule anayekaa mbele ya ubao wenye matundu na kuunganisha watu. Aliacha alipozaliwa mdogo wangu wa pili. Jumatatu yake alivaa kitenge kizuri, akanichukua, tukaenda santrali kumwona rafiki yake Mama Odette ambaye alikuwa bado kazini pale. Mama Odette alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba ya msichana. Alitazama kwenye daftari, akaenda nyuma ya makabati ya chuma, akarudi akipangusa vumbi mikononi. Akaeleza kwamba laini ya nyumba yetu haikuondolewa kamwe. Ingali na namba yake ya zamani, na inafika hai mpaka kwenye nguzo iliyo mbele ya ua. Kutoka nguzoni kuingia ndani, hilo hakuweza kulijua. Mama akamwuliza kama fundi atakuja mwezi huu. Mama Odette akacheka bila furaha, na kicheko hicho kilikuwa jibu tosha.

Tukiwa njiani kurudi, mama aliniambia kwamba kwa miaka sita alikaa mgongo kwa mgongo na mafundi, akawasikia wakitaja rangi za nyaya kama mapadri wanavyotaja watakatifu. Alidhani anaweza.

Siku iliyofuata alipandisha kitenge chake kiunoni, akafunga nywele, akachukua bisibisi na koleo za baba, na kazi ikaanza. Kwanza tulitafuta tundu la simu la zamani, lile tulilokuwa tukiliita prizi. Lilikuwa ushorobani, chini kabisa, karibu na mlango wa sebule, limepakwa rangi mara nyingi pamoja na ukuta hivi kwamba lilionekana kama uvimbe. Mama alikwangua rangi kwa kisu cha jikoni, tabaka baada ya tabaka, kijani, krimu, bluu hafifu, mpaka kikatokea kibao cheusi cha mviringo chenye skrubu moja katikati. Alipoifungua, ndani mlikuwa na skrubu nne ndogo za shaba, na kwenye mbili kati yake palining'inia vipande vifupi vya waya vilivyokatwa. Waya wa kutoka hapo kupanda darini na kwenda nje haukuwapo. Mtu alikuwa ameuvuta wote. Labda ni wezi, mwaka ule nyumba ilipokaa tupu; mama alipapasa ncha zile kwa kidole gumba.

Kwa hiyo shida yetu ilikuwa waya, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, maana tuliishi katika mji uliojengwa juu ya shaba, treni nzima zilibeba shaba kutoka kwetu kila wiki, na hatukuwa na mita kumi za waya wa shaba. Anayelala mtoni naye hulala na kiu. Mama aliuliza kwa majirani, akauliza parokiani, hakupata. Mimi nilikuwa nao. Nilisita kusema, kwa kuwa zilikuwa mali yangu ya pekee: fungu la nyaya nyembamba za rangi, zile zinazotumika kulipulia baruti mgodini, ambazo watoto wote wa Kolwezi wa wakati ule waliziokota na kuzisuka kuwa bangili, vikapu na magari ya kuchezea. Nilikuwa nimekusanya nyekundu na za manjano kwa mwaka mzima ili nisuke kikapu. Nilikwenda chumbani, nikazileta, nikaziweka sakafuni mbele yake. Mama alichuna ngozi ya mmoja kwa meno, akatazama shaba inayong'aa ndani, na akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nao.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulisokota nyekundu na manjano pamoja, kwa sababu mama alisema waya mbili za simu zisiposokotana husikia mambo yasiyo yao. Palipokuwa na kiungo, alikwangua ncha zote mbili, akazifunga kama mtu anayesuka nywele, akazungushia plasta ya vidonda iliyotoka kwenye kisanduku cha dawa. Skrubu za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Akazisugua kwa limau na majivu kama alivyosugua sufuria, mpaka zikarudia rangi yake. Kisha akapanda juu ya meza na kupitisha waya juu ya mbao za dari, akautoa nje kwenye tundu dogo chini ya paa, ambako kulikuwa na kisanduku cha chuma palipoishia waya wa kutoka nguzoni. Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na kiota kikavu cha nyigu na skrubu mbili. Mama alilowesha vidole kwa mate, akazigusa zote mbili kwa pamoja, akatulia, kisha akatabasamu. Aliniruhusu nami niguse. Nilihisi mchomo mdogo, kama upupu, ukipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akaniambia, "Iko muzima." Kisha akanionya nisirudie, kwa kuwa mtu akipiga simu wakati umegusa, umeme huwa mkali zaidi.

Alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho pale ushorobani, aliinua mkono wa simu na kuusogeza sikioni mwangu badala ya kwake. Nilisikia mvumo mrefu usiokatika, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Baba aliporudi kutoka kazini mama hakumwambia kitu. Alimpa maji ya kunawa, akampakulia chakula, na alipokuwa katikati ya kula simu ikalia. Ni Mama Odette aliyekuwa ameombwa apige. Baba alisimama na tonge mkononi. Sijawahi kuuona tena uso wake ukiwa vile, uso wa mtu aliyefanyiwa jambo kubwa asijue amshukuru vipi mkewe mbele ya watoto.

Wiki mbili zikapita. Machimboni walimpigia baba mara tatu, akafika kwa wakati, na pale nyumbani simu ikawa kitu cha kawaida. Kisha Jumapili moja, wakubwa wakiwa wamebaki kanisani kwa mkutano wa jumuiya, mimi nikiwa nyumbani na wadogo zangu, simu ikalia. Niliitikia kama mama alivyonifundisha. Upande wa pili nikasikia mtu akivuta pumzi, halafu sauti ya kijana mwanamume ikasema, "Allo? Ni kwa Tata Tshimanga? Mi ni Kalala, mutoto yake."

Nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa kila kitu kwa mara moja. Nilielewa kwamba huyu ni kaka mkubwa wa Kapinga, yule aliyekuwa akisoma Lubumbashi. Nilielewa kwamba chumba chenye dirisha la mparachichi kilikuwa chake. Niliona sisi saba tukirudi kambini na magodoro vichwani. Nikajibu, "Hapana. Hapa ni kwetu." Nikarudisha mkono wa simu mahali pake, polepole, kama mtu anayefunika chungu. Simu ikalia tena. Niliiacha ikalia mpaka ikachoka, na wadogo zangu wakanitazama.

Sikumwambia mtu kwa siku nne. Si kwamba niliteseka sana. Mtoto anaweza kubeba jambo baya na bado akaruka kamba. Lakini nililala vibaya katika chumba kile, na siku ya Alhamisi, mama alipokuwa akiosha kinu kabla ya kutwanga, nilijikuta nimesema. Nilieleza yote, pamoja na maneno niliyomjibu. Nilitarajia kofi. Mama aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akanieleza kitu ambacho sikukijua: kwamba laini ikikatwa ndani ya nyumba, anayepiga hawezi kutambua. Yeye husikia ikiita tu. Santrali haijui kama huko mwisho kuna simu au kuna ukuta. Kama kijana yule amekuwa akipiga tangu wazazi wake waondoke, basi kwa zaidi ya miaka miwili amekuwa akisikia simu ikiita katika nyumba ya kwao na hakuna anayeipokea. "Na siku yenye ilipokewa," mama akasema, "ni weye ulimujibu."

Hakunipiga. Ningependelea anipige.

Baba alipoambiwa aliinuka akafunga mlango wa nje, ingawa hapakuwa na mtu uani. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa amewaficha rafiki zake wawili wa Kasai nyumbani kwetu kambini katika siku zile, na hakujisifia kamwe. Lakini alikuwa na watoto watano na nyumba iliyofungamana na cheo, na aliogopa. Alisema kijana huyo akijua nani anaishi hapa, kesho atakuja na barua, keshokutwa na wakili, na kampuni haitasimama upande wa mtu yeyote. Alitaka mama aseme kwamba namba imebadilishwa. Aliuliza, "Na bakirudia, siye tutaenda wapi na hii batoto?" Mama alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati moja mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Nyumba iko ya kampuni," akasema, "lakini mama iko ya mutoto. Mi naenda kumutafuta."

Na alimtafuta kwa njia aliyoijua. Asubuhi yake alikwenda tena santrali kwa Mama Odette. Mama Odette alifahamiana na mpokeaji simu wa stesheni yetu ya reli. Yule wa stesheni aliwajua wenzake walio katika vituo vya mbele, kuelekea kaskazini hadi Kamina na kupita huko mpaka Kasai. Karibu wote walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Walijuana kwa sauti, kwa kikohozi, kwa namna ya kusema allo. Swali la mama likasafiri kutoka mdomo hadi mdomo katika nafasi zile fupi baina ya treni moja na nyingine: mke wa Tshimanga, karani wa ghala wa Kolwezi, mwimbishaji wa parokia, ana binti aitwaye Kapinga, yuko wapi? Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza jina la Kasai katika miaka ile kulihitaji moyo, na mpokeaji mmoja wa njiani alikata laini aliposikia swali. Mama Odette alimzunguka kwa kupitia kituo kingine.

Jumapili iliyofuata Kalala alipiga, na safari hii mama mwenyewe alisimama karibu na simu tangu asubuhi. Alimwomba radhi kwa jibu nililotoa. Akamweleza kwamba wazazi wake wanatafutwa, asichoke, apige tena kila Jumapili. Ndipo tukajua yaliyompata. Ghasia zilipoanza Lubumbashi alijificha kwa mjomba wake. Barua alizotuma kijijini kwa babu zake, upande wa Kananga, hazikujibiwa. Na kila Jumapili mlinzi mmoja wa ofisi za kampuni alimwachia apige simu moja kupitia laini ya ndani. Hakuwa na namba nyingine yoyote duniani.

Jibu likaja baada ya wiki tatu, katikati ya juma. Mama Odette hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akiwa bado na vazi la kazi, na akakaa jikoni. Mama wa Kalala alikuwa Mwene-Ditu, mji wa Kasai, karibu na stesheni, akiuza unga wa mihogo, pamoja na Kapinga na yule mdogo. Tata Tshimanga hakufika. Walikaa wiki nyingi katika kituo kimoja wakingojea behewa, watu wengi mahali pamoja, maji machafu, na akaugua akafa huko. Wakamzika kando ya reli na kuendelea. Ujumbe wa yule mama kwa mwanawe ulikuwa mfupi, na Mama Odette aliusema akiwa amefumba macho ili asiupoteze: aje, asimlilie baba yake huko peke yake, wamlilie pamoja.

Mama alijiandaa kumpa Kalala habari hizo Jumapili. Lakini Jumapili hiyo mdogo wangu alipatwa na homa kali, mama akamkimbiza zahanati, na simu ilipolia alikuwapo baba tu, na mimi nikiwa mlangoni mwa ushoroba. Baba aliitazama. Iliita mara nne, tano. Nilifikiri ataiacha, na moyoni sehemu fulani yangu, siifichi, ilitaka aiache. Akaiinua.

Alizungumza kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuripoti hali ya pampu, sauti kavu, kila neno mahali pake. "Mama yako iko muzima. Anaikala Mwene-Ditu, karibu na gare. Badada yako pia." Akamsikiliza, kisha akaendelea, na sasa mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukuta. "Baba yako hapana tena. Alikufia mu njia. Mama anasema uende, mukamulilie wote." Mvua ikaanza juu ya bati. Ndipo baba akasema jambo ambalo hakuna aliyemwomba aliseme. "Mi ni Ilunga wa mapompi. Ni siye tunaikala mu nyumba yenu."

Simu zile za zamani zilikuwa na sauti kubwa, na ushoroba ulikuwa mtulivu. Nilimsikia Kalala akijibu kutoka Lubumbashi, "Muikale muzuri, tata. Aksanti ya kunijibu."

Baba alirudisha mkono wa simu mahali pake, akatoka kwenda kusimama barazani, akitazama mvua. Sikumfuata.

Kalala alifika Mwene-Ditu mwezi uliofuata. Habari ilirudi kwetu kwa njia ileile ya midomo ya wapokeaji simu, pamoja na salamu za mama yake na fungu la mboga kavu lililosafiri kwa treni siku kumi na moja. Baada ya hapo hatukusikia tena kitu. Mwaka uliofuata watu walianza kufukua nyaya kubwa za kampuni usiku na kuziuza kama shaba chakavu, na laini yetu ikafa pamoja na za mtaa mzima. Santrali ikafungwa. Mama Odette akaenda kuishi kwa binti yake huko Kasaji, na nadhani alifia huko. Kampuni ilipoamua kuwauzia wafanyakazi nyumba, baba alitia sahihi. Alikaa na karatasi zile mezani siku mbili kabla ya kusaini, na sikumuuliza kwa nini. Cha mtu hakiachi kuwa cha mtu, bibi yangu alikuwa akisema, lakini karatasi zilisema vingine, na karatasi ndizo zilizoshinda. Baba na mama hawapo tena. Nyumba ni yangu, na chumba cha mwisho analala binti yangu mkubwa.

Mji umebadilika kuliko nilivyodhani mji unaweza. Malori yanapita siku nzima kuelekea Fungurume, wanachimba kobalti kwa ajili ya betri za simu za dunia nzima, na familia nyingi za Kasai zimerudi, wanauza, wanafundisha, wanaimba katika parokia ileile. Watoto wangu hawajui kwamba kulikuwa na wakati wa kuondoka, na walimu wao hawawaambii. Katika simu yangu kuna majina zaidi ya elfu moja. Nusu yake sijui ni akina nani, na wengi wa wale ninaowajua wamebadilisha namba. Wakati wa mama mtu alikuwa na namba moja, ya ukuta, na ukiwa umempoteza ulijua angalau ni ukuta upi wa kuuliza. Sisemi ulikuwa wakati bora. Ulikuwa wakati ambao watu walizikwa kando ya reli. Nasema tu kwamba wanawake wachache wasiojuana sura walimpata mtu kwa wiki tatu, na mimi, mwenye kila chombo, nimemtafuta Kalala kwa miaka minne nisimpate.

Mwezi uliopita, katika kundi la simu la watu wa Mwene-Ditu ambalo rafiki aliniingiza, kijana mmoja aliniandikia kwamba huenda anaifahamu familia hiyo. Mwalimu mzee aitwaye Kalala amewahi kuishi mtaani kwao, na anaweza kuuliza. Kisha akaniuliza, kwa adabu lakini kwa tahadhari, ninamtafutia nini. Nilianza kumweleza habari za pampu na waya, nikafuta. Nilianza na habari za baba, nikafuta pia. Mwishowe nikamwandikia: mwambie nyumba ingali imesimama, anayeishi humo ni yule mtoto aliyemkatia simu, na akipita Kolwezi asilale hotelini.